Wavu Usio na Alama

Kila jioni mjini Kibiti, Sikujua alichota maji na kuosha vyombo, kisha akakaa barazani kusoma na shangazi yake, Mwalimu Rukaya. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake alipofariki, mama yake alikaa eda nyumbani kwao Salale, na Shangazi akamchukua Sikujua ili asikose shule. Mara nyingi walisoma bila kuzungumza. Marehemu alikuwa kaka yake Shangazi, na kila mmoja alijizuia kulia mbele ya mwenzake.

Eda ilipokwisha, walifunga safari kwenda kumwona mama. Walipanda boti bandarini Nyamisati. Boti ilipokuwa ikipita kati ya mikoko, Sikujua akauliza, "Shangazi, ulisema hata bakteria wanashambuliwa na maradhi?"

"Ndiyo. Kuna virusi vinavyowavamia. Kirusi humganda bakteria kwa nje, kisha humwingizia uzi wake wa vinasaba. Uzi huo ni kama amri. Ukiachwa, bakteria ataacha kazi zake, atatengeneza virusi tu mpaka apasuke."

"Maskini! Sasa anafanyaje?"

"Ndani yake kuna vimeng'enya, yaani vitu vidogo mno vinavyofanya kazi za mwili. Kimoja huweka alama kwenye uzi wa bakteria mwenyewe. Kingine ni mkasi. Hupita kikikagua, na kikikuta uzi mgeni usio na alama, hukata."

"Kama sisi na nyavu!"

Kwao Salale, kila ukoo ulikuwa na kijito chake cha kutega, na kila wavu ulikuwa na alama kwenye boya. Wavu wa mgeni ulioingizwa kijitoni bila ruhusa ulikatwa. Alama ya baba yake ilikuwa kitambaa cha buluu chenye mafundo matatu.

Shangazi alitabasamu kidogo. "Kama nyavu. Lakini hujasikia yote. Bakteria anapojizidisha..."

"Salale hiyo! Mmoja mmoja, msiniangushie boti!" nahodha alipaza sauti. Abiria wakaanza kusukumana na mizigo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mama alimkumbatia Sikujua. Alikuwa amekonda. Yeye na Shangazi walipoingia chumbani na kuanza kulia, Sikujua hakuweza kuvumilia. Alitoka, akaenda kijitoni na Gharibu, mtoto wa jirani.

Maji yalikuwa yamekupwa. "Mtu wa mjini, tope litakumeza," Gharibu alimtania.

"Tope nimezaliwa nalo. Angalia miguu yako mwenyewe."

Ghafla Sikujua alisimama. Mbele yao kulikuwa na wavu mpya, mweupe. Boya lake halikuwa na kitu chochote.

"Nani huyu?" alifoka. "Baba hata mwaka hajamaliza kaburini, wameshaanza kutega kwenye kijito chake!"

"Ngoja tufuate kamba tuone imefungwa wapi. Imepinda kwenye kona ile."

"Ya nini? Hauna alama, si wetu. Hata bakteria anajua."

"Bakteria ndiye nani? Anavua upande gani huyo?"

"Nipe kisu chako, Gharibu."

Gharibu alimpa kwa shingo upande, kisha akaenda mwenyewe kuifuata kamba. Sikujua alikata huku akilia. Alikata kwa hasira ya miezi yote ile ya kunyamaza.

"Sikujua! Acha!" Gharibu alipiga kelele kutoka kwenye kona. "Umefungwa kwenye wavu wa marehemu! Kitambaa cha buluu hiki hapa!"

Kisu kilimponyoka. Gharibu alirudi mbio, akautazama wavu, akanong'ona, "Tuseme kaa wameula."

Sikujua alitamani kukubali. Lakini alimwaza mama yake akiwalaani kaa bure, akaona aibu. Alikusanya vipande vyote, akavibeba kifuani hadi nyumbani.

"Mama, nimekata mimi. Nilidhani ni wa mwizi."

Mama alivipokea, akavitandaza mkekani. "Huu aliuanza baba yako," alisema polepole. "Nimeumaliza ndani ya eda. Leo alfajiri ami yako Kheri amenisaidia kuutega. Tusipovua, tutakula nini? Alama sikuiweka. Nilishika kile kitambaa, mikono ikakataa. Yale mafundo alikuwa akifunga yeye." Aligusa sehemu yenye macho madogo ya wavu, yaliyobanwa sawasawa. "Hapa ndipo mkono wake. Na hapa ndipo ulipokata."

"Nipige, mama."

"Nikikupiga, atarudi?"

Shangazi akamvuta Sikujua karibu.

"Kosa ni langu pia, nilikuachia somo nusu. Uzi wa vinasaba una nyuzi mbili, moja ubavuni mwa nyingine. Bakteria anapojizidisha, kila uzi wa zamani hutengenezewa mwenzake mpya, na huo mpya huwa bado haujawekwa alama. Unadhani kwa nini mkasi hauukati?"

"Kwa nini?" Sikujua aliuliza.

"Kwa sababu uzi wa zamani, wenye alama, upo ubavuni mwake. Mkasi huuacha, na kile kimeng'enya cha kwanza huja kuuwekea mpya alama yake. Kujilinda ni haki, mwanangu. Lakini usiinue kisu kabla hujajua kitu kimeshikana na nini. Uchungu ulionao hata mimi ninao. Tulipaswa kulia pamoja kule Kibiti. Na umefanya vizuri kusema kweli. Uongo ungemfanya mama yako aagane na wavu huu bila kujua kilichoupata."

Mama alileta uzi na sindano ya nyavu. Shangazi alishika upande mmoja. Mama akaongoza vidole vya Sikujua, jicho kwa jicho, wakiunga pale palipokatwa. Mafundo yake yalikuwa makubwa na ya kombo, na aliomba ayafumue.

"Yaache," mama alisema, akapitisha kiganja juu yake. "Hapa palikuwa na mkono wake. Sasa na wako upo."

Wakaendelea kushona. Machozi yalimtoka kila mmoja, na safari hii hakuna aliyeyaficha.