Gari la Tobias Halikuuzwa

"Mama, wacha! Ukizungusha na nguvu hivyo utavunja pistoni."

Nakhumicha aliiachia hendeli ya kuwashia injini. Jasho lilimtiririka usoni na viganja vilikuwa vimeanza kuchubuka.

"Nilikuita uiwashe, fundi. Sikukuita uiangalie."

"Hii gari imelala miaka minane. Injini imeshikana ndani. Mtu akiugua hata mwezi mmoja tu, siku ya kwanza akiamka unamtuma mbio?"

Ilikuwa Juni 1973, chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba moja ya Kileleshwa, Nairobi. Ndani ya banda hilo lilikaa gari la michezo, Triumph jekundu la viti viwili. Magurudumu yalikuwa bapa na panya walikuwa wamejenga kiota ndani ya kiti. Nakhumicha, mjane wa miaka thelathini na moja asiye na mtoto, alikuwa mpokeaji simu katika ofisi moja mjini. Alikuwa amepanga chumba uani hapo tangu afiwe, na mwenye kiwanja alikuwa amekiuza. Mwisho wa Julai wajenzi wa maghorofa wangeingia, na gari lisiloweza kutembea lingekokotwa na kwenda kukatwakatwa kama chuma chakavu.

"Tufanye nini basi?" aliuliza.

"Tuiloweshe," alijibu Kihara, fundi wa gereji moja ya Parklands, mwanamume mpole asiyesema neno kabla ya kulipima. "Nitatoa plagi. Kila jioni ukitoka kazini, mimina kijiko cha oili na mafuta ya taa kwa kila tundu. Halafu iache. Husukumi, huvuti."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ikubali."

Mapatano yalikuwa Kihara aje Jumamosi tu. Wiki ya pili alikuja pia Jumatano, kutazama breki. Wiki ya tatu alikuwa anakuja kila jioni.

"Fundi, breki si ulitazama jana?"

"Leo natazama za nyuma."

"Na juzi ulikuwa unatazama gani?"

Kihara aliinama chini ya gari kama mtu aliyeziba masikio. Nakhumicha akacheka, na yeye mwenyewe akashtuka kusikia sauti ya kicheko chake.

"Aliipenda sana?" Kihara aliuliza akiwa huko chini.

"Tobias? Aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao baada ya uhuru. Jumapili tulikuwa tunazunguka tu, bila safari. Mwaka wa sitini na tano figo zikamshinda. Watu wa kwao wakaja wakachukua redio, kitanda, koti, hata viatu. Mimi nikabaki na sufuria. Na hii."

"Hii waliiacha?"

Nakhumicha alifunga kifuniko cha mkebe wa oili polepole sana.

"Waliiacha."

Jioni moja Kihara alishika hendeli akaisukuma taratibu. Ilikwenda. Nusu duara, kisha duara zima.

"Imekubali!" Nakhumicha alipiga kelele, akamshika mkono. Hakuuachia.

"Nakhumicha," Kihara alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Nataka kukuoa."

"Unaniambia hivyo nikiwa na oili mpaka kwa kiwiko?"

"Yangu ni nyingi zaidi."

Nakhumicha alitazama chini. "Nipe muda."

"Injini nimeipa wiki tatu. Wewe siwezi kukupa chini ya hapo."

Kihara alilelewa Kinoo, na huko alifundishwa kwamba anayempenda mjane hutangulia kuwasalimu watu wa marehemu, ili asije akaambiwa ameruka ua. Kwa hiyo alipofungua kitabu cha gari na kuona sanduku la posta la Tobias, huko kwao Kimilili, aliona ni baraka. Aliketi akaandika:

"Kwa familia ya marehemu Tobias. Mimi ni Jamleck Kihara, fundi wa magari. Natengeneza gari la marehemu, lile Triumph jekundu lililo kwa mke wake hapa Kileleshwa, na linakaribia kutembea. Nimempenda mama huyu na sitaki kumwendea kwa siri. Naomba mnipe siku nije kuwasalimu. Mungu awabariki."

Hakumwambia Nakhumicha. Alitaka kumletea jibu mkononi, limfurahishe.

Jibu lilikuja kwa miguu yake. Jumamosi asubuhi mwanamume mrefu wa miaka hamsini, aliyevaa koti zito na kofia, aliingia uani bila kubisha. Alikwenda moja kwa moja bandani, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Nakhumicha alitoka chumbani na kikombe cha chai. Kikombe kilianguka.

"Shemeji Nashon! Karibu..."

"Usinikaribishe kwanza. Siku ya kunyoa nilikuuliza mbele ya watu: gari la ndugu yangu liko wapi? Ulinijibu nini?"

Kihara alisimama na spana mkononi, hajui aende au akae. Kwao Nashon, siku ya tatu baada ya mazishi ukoo hukusanyika, watu wakanyolewa nywele, na mali ya marehemu ikatajwa kitu kimoja kimoja. Lisemwalo siku hiyo ndilo linaloaminiwa.

"Ulijibu nini, mke wa ndugu yangu?"

"Nilisema Tobias aliliuza kabla ya kufa. Nilikuwa nimeshalificha hapa."

"Kupitia nani? Hukusema. Na ni mimi niliyekuwa hapa Nairobi nikimuuguza. Nikarudi nyumbani, nikauza mahindi, nikaezeka nyumba yangu mabati. Unajua watu walisema nini?"

"Sijui, shemeji. Sijarudi huko tangu siku ile."

"Walisema mabati ya Nashon ni gari la Tobias. Miaka minane! Kanisani wakaniondoa katika wazee. Watoto wangu wakawa wanaimbiwa njiani kwa kejeli. Na mama yangu..." Alivua kofia, akaivaa tena. "Mama alipokuwa anakufa alinishika mkono. Akaniambia, 'Tubu, mwanangu, bado kuna nafasi.' Nikamwambia, 'Mama, mimi sikula kitu.' Akageukia ukuta. Akafa ameangalia ukuta."

Nakhumicha aliketi juu ya mbao, mikono imelala mapajani. Alipoinua uso, alimtazama Kihara.

"Wewe ndiye uliandika barua?"

"Niliandika kwa heshima. Sikujua..."

"Umeniuza kwa heshima."

"Uliniambia waliiacha, Nakhumicha."

"Kwa sababu walichukua kila kitu! Hata viatu, Kihara! Ningewapa na hii, ningebaki na nini cha kuonyesha kwamba mtu huyo aliishi na mimi?" Alianza kulia. "Sikujua atasingiziwa mtu. Naapa sikujua."

Kihara alilaza spana juu ya gurudumu.

"Kosa langu ni kuandika bila kukuuliza. Hilo nitalibeba. Lakini hata ungeniambia siri yako, nisingeweza kukuendesha kwa hii gari tukicheka, na huyu mzee anaitwa mwizi."

"Nenda, Kihara. Tafadhali nenda."

"Naenda. Jumatatu nitarudi kufunga raba za breki. Siachi gari ya mtu nusu."

Alipopita, Nashon alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Kijana, wewe ni nani kwetu?"

"Sasa hivi? Fundi tu, mzee."

Nashon akamgeukia Nakhumicha. "Sikuja kukunyang'anya. Kama ningetaka mali ningekuja na polisi. Nataka hii gari ionekane. Iingie kwetu mchana, watu wakiona, na wewe useme kwa mdomo wako. Nitakaa kwa binamu yangu Kawangware mpaka ujibu."

Kuanzia Jumatatu, siku tatu Nakhumicha alikwenda kazini na kurudi bila kupita bandani. Aliunganisha simu za watu wengine kutwa nzima, habari za mizigo, za harusi, za vifo, na kila jioni alisikia kutoka chumbani kwake mlio wa chuma: Kihara akifanya kazi peke yake. Hakubisha mlango wake hata mara moja.

Jioni ya nne alitoka.

"Kihara."

"Mm."

"Toka huko chini nikuone."

"Nakusikia nikiwa hapa."

"Itafika Kimilili?"

Mlio ulinyamaza. Kihara alijivuta nje, uso umejaa vumbi, macho mekundu.

"Itafika, ikiendeshwa na mtu asiye na haraka. Unataka nikupeleke?"

"Ina viti viwili."

"Najua."

"Kimoja ni cha Nashon. Lazima aonekane ameketi ndani, yeye aliyeambiwa ameiuza. Na yeye hajui kuendesha. Mimi najua. Tobias alinifundisha kwa hizi barabara za hapa."

Kihara alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wataichukua."

"Nafikiri wataichukua."

"Na wewe je?"

"Sijui wataamua nini juu ya mtu aliyewadanganya siku ya kunyoa. Nikikuahidi kitu leo, Kihara, huenda ukawa uwongo wangu wa pili. Sitaki."

Kihara alitikisa kichwa kukubali. Ilimuuma, na hakuificha.

"Basi kesho tufanye mazoezi," alisema. "Klachi imebadilika. Inashika juu."

Ijumaa waliliwasha. Lilikohoa, likatema moshi mweupe uliojaza banda lote, likazima. Likakohoa tena. Mara ya tano likanguruma, na mabati ya banda yakatetemeka. Nakhumicha alifunika mdomo kwa mikono miwili. Aliliendesha mpaka Adams Arcade wakajaza petroli, Kihara pembeni yake. Kwenda na kurudi hawakuzungumza lolote ila gia na breki. Walipofika nyumbani hakuna aliyeshuka upesi.

Kesho yake alfajiri Nashon alikuja na koti lake. Aliinama, akaingia kwa shida, magoti yakamfika kifuani.

"Ndugu yangu alikuwa anapenda mateso," alinung'unika.

Kihara aliinamia dirisha la Nakhumicha. "Ukipanda Limuru angalia hii sindano ya joto. Ikipita hapa, simama, ngoja ipoe. Usifungue kifuniko cha maji ikiwa moto. Lala Nakuru. Usiku usiendeshe."

"Nimesikia."

"Nakhumicha..."

"Nimesikia, Kihara."

Gari likatoka langoni, likakunja kona. Kihara alibaki amesimama katika banda tupu, oili imechora duara jeusi kwenye saruji mbele ya miguu yake.

Jumapili ikapita. Jumatatu ikapita. Jumanne, pale gereji, alifunga nyaya za plagi za gari la mteja kwa mpangilio usiofaa, na mwenye gereji akamuuliza kama anaumwa. Jumatano saa sita mchana simu ya ofisini ililia.

"Kihara! Simu yako! Ya mbali!"

Alikimbia na mafuta mikononi.

"Simu kutoka Kimilili," sauti ya mwunganishaji ilisema. "Dakika tatu. Ongeeni."

"Kihara?"

"Nipo! Mlifika?"

"Tulifika Jumapili, watu wakitoka kanisani. Nashon akaniambia nipite polepole. Halafu akaniambia nigeuze nipite tena."

Kihara alicheka. "Halafu?"

"Wakakusanyika nyumbani kwake. Nikasimama. Nikasema, Tobias hakuuza gari. Nashon hakula kitu. Aliyedanganya ni mimi."

"Wakasemaje?"

"Walinitazama tu, Kihara. Nilifikiri watanipiga. Halafu mzee mmoja wa kanisa akainuka, akampa Nashon mkono. Wengine wakafuata. Jioni alikwenda kwa kaburi la mama yake. Mimi nilibaki kwa mlango. Alikaa huko mpaka kukawa giza."

"Na gari?"

"Wameitaja upya, mbele ya watu wote. Wamempa yeye."

Kihara aliegemea ukuta. "Ni haki."

"Ni haki. Inaniuma, lakini nalala usingizi sasa. Ngoja, kuna mtu anavuta simu."

Sauti nzito ikaingia.

"Fundi."

"Mzee."

"Hii gari yako imekataa kuwaka."

"Umevuta choki?"

"Choki ni nini? Huku hakuna mtu anayeijua. Utakuja lini?"

"Naweza Jumamosi, mzee."

"Sawa. Uje na spana." Nashon alikohoa. "Na ile barua yako tuliisoma tena mbele ya wazee, mpaka mwisho. Ulisema unaomba siku. Siku ndiyo hiyo. Kwa gari unaweza kuja peke yako. Kwa hilo lingine, lete watu wenu wa Kinoo."

Kihara aliketi juu ya debe la oili.

"Lakini mzee, mwenyewe amekubali?"

"Muulize. Ananinyang'anya simu, hana adabu."

"Nakhumicha?"

"Waliniuliza kama kuna kitu kingine nimewaficha," alisema. Alikuwa anatabasamu, Kihara alisikia. "Nikawaambia hakuna kitu. Kuna mtu. Nikawatajia jina lako, lote, wakiwa wameketi wote wananisikia."

Kihara alihamishia simu mkono wa pili, akajifuta oili kwenye suruali.

"Sema kitu, basi! Mimi ndiye kazi yangu simu, najua saa inavyokwenda."

"Nakhumicha, mimi..."

Waya ukalia, na sauti kavu ya mwunganishaji ikaingia katikati yao.

"Dakika tatu zimekwisha. Mnaongeza?"

"Tunaongeza," walijibu wote wawili kwa pamoja.