Simu Juu ya Pondo

"Kaka Remi, siku zote tukitoka Mofu milima tunaiacha mgongoni. Mbona leo iko mkono wa kulia?"

Remigius hakupata nafasi ya kujibu. Mtumbwi uliinuliwa kutoka chini, mbao zikalia kwa mlio mmoja mkavu, na kufumba na kufumbua yeye na Dativa, mdogo wake wa kuzaliwa, walikuwa ndani ya maji ya mafuriko pamoja na viroba vya chumvi. Kiboko aliyewapindua alitoa pua, akapumua kwa hasira, akazama tena.

Dativa aliibuka na tope mdomoni. Alimwona kaka yake akipiga maji kwa mkono mmoja, mwingine umeshika paja.

"Kichuguu!" Remigius alipiga kelele. "Nenda kwenye kichuguu, usigeuke!"

Hakugeuka. Aliogelea kwa nguvu zote alizojaliwa, miguu ikinaswa na nyasi za chini, hadi vidole vyake vikashika udongo mgumu. Alijivuta juu, akarudi kumvuta kaka yake kwa ukosi wa shati. Wakalala pale wakihema, ubao wa mtumbwi ukielea mbele yao na maji yakizunguka kila upande hadi macho yanapofika.

Kichuguu chenyewe hakikuzidi sakafu ya jiko. Katikati kilikuwa na kichaka kimoja cha miiba, na siafu waliokimbia mafuriko walikuwa wamekwisha kukimiliki. Paja la Remigius lilikuwa limechanwa na kipande cha ubao, nyama iko nje. Dativa alipoliona alisema, "Mungu wangu," mara moja tu. Kisha alivua kanga yake ya juu, akaichana, akakaza kitambaa juu ya jeraha mpaka damu ikapungua.

"Kaza tena," Remigius alisema, meno yameumana.

"Nikikaza tena nitakuua mguu. Tulia."

Ndipo akashika shingo yake. Simu ilikuwepo, imening'inia ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe wa mpira wa tairi, kavu kabisa. Alicheka kwa furaha, hapo hapo juu ya siafu, maana alijua wamepona.

Sababu ya kucheka ilikuwa programu moja ndogo inayoitwa Nipo. Tangu mvuvi mmoja, Fridolin, apotelee majini na kuokotwa kwenye matete akiwa ameshaoza, kikundi cha wenye mitumbwi pale Mofu kiliamua kwamba kila anayevuka awe nayo. Simu ikinusa mtandao, hata kwa sekunde, Nipo inatuma mahali ulipo. Ukikaa mahali pamoja katikati ya maji kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, simu ya Sikitu, mama aliyepewa kazi ya kuwaangalia wasafiri kutoka bandarini, inalia king'ora mpaka mbwa wanabweka.

Ubaya ni simu zenyewe. Hizi za bei poa zinabana chaji kwa uchoyo: ukizima kioo tu, zinaua kila kinachofanya kazi chinichini. Kwa hiyo pale Mofu hakuna anayekanyaga mtumbwi kabla hajamwonyesha Sikitu ukurasa wa betri, Nipo ikiwa imeandikwa "Bila vikwazo". Sikitu anatazama, anasema, "Haya, nenda salama." Halafu simu inatiwa kwenye mfuko, na anayefunga ni mwenye mtumbwi, maana abiria akifunga ovyo maji yanaingia. Haifunguliwi tena hadi ng'ambo. Dativa, mchuuzi wa samaki wakavu aliyevuka bonde lile kila msimu, alimpa kaka yake simu aifunge. Angempa nani mwingine, jamani?

"Niifungue nipige?" aliuliza sasa.

"Huku hakuna mtandao wa kupigia," Remigius alisema upesi. "Utamaliza chaji bure. Iache, inatuma yenyewe. Wanakuja."

Aliiacha. Aliitundika kwenye kichaka, akakaa chini yake kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupiga honi. Jua lilipanda likawachoma. Alichuja maji ya mafuriko kwa kipande cha kanga, akamnywesha kaka yake, akanywa na yeye, na yalikuwa na ladha ya majani yaliyooza. Aliwatoa siafu kwenye bendeji mmoja mmoja. Nyoka alipanda ukingoni, akawatazama, akaona hapamfai, akaenda zake.

"Leo Sikitu amechelewa," Dativa alisema jua lilipoanza kulala.

"Watakuwa wanatafuta mafuta ya injini. Wanakuja."

"Au haitumi?"

"Inatuma, Dati. Wewe nawe! Usiiguse."

Usiku ulipita kwa mvua na kutetemeka. Asubuhi Remigius alikuwa na homa, midomo imepauka, na jeraha limeanza kunuka. Dativa alitaka mwanga alitazame vizuri kwa ndani, akafungua mfuko ili awashe tochi ya simu. Kwanza aliona chaji imebaki kidogo sana, maana simu ilikuwa imeshinda na kukesha ikitafuta mtandao. Kisha aliona kile alichozoea kukiona juu ya kioo hakipo. Alama ndogo ya Nipo ilikuwa imetoweka.

Aliifungua programu. Iliandika kwamba mara ya mwisho kutuma ilikuwa bandarini Mofu.

Akaenda kwenye betri. Pale alipoweka "Bila vikwazo" kwa kidole chake mwenyewe, mbele ya Sikitu, sasa paliandikwa "Yenye vikwazo".

Alikaa akiyatazama maneno yale kwa muda, akitumaini yatabadilika.

"Kaka. Nani ameibana Nipo?"

"Ah, simu za siku hizi bwana," Remigius alisema akiwa amefumba macho. "Zinajibadilisha zenyewe."

"Niangalie usoni halafu uniambie hivyo."

Hakumwangalia. Alitazama maji, akalamba midomo, na mwishowe akasema, "Nina nyavu kule mbele."

"Kule mbele wapi?"

"Ndani ya pori la akiba. Za macho madogo, zile zinazokatazwa. Ningepita njia hii na Nipo ikiwa wazi, Sikitu angeiona, kikundi kingeninyang'anya mtumbwi, na askari wa wanyamapori wangenifunga. Nilisema tutapita haraka, nizitazame, tutoke. Usingejua kitu."

"Kwa hiyo ulipokuwa unanifungia simu, ulikuwa unaibana."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Na jana? Jana nzima nilipokuwa nakuuliza?"

Remigius alianza kulia. "Niliogopa. Gaudensi, ninayevua naye, na wenzake huja kuzitegua zile nyavu. Nilijua watapita tu, watuchukue, mambo yaishie hapa hapa."

"Umenikalisha hapa nikingoja watu uliojua hawaji! Umeniangalia nikichungulia kule Mofu kutwa nzima, ukanyamaza! Ungekufa, Remi! Ungekufa mbele yangu na mimi nakuambia vumilia, Sikitu anakuja!"

Huyu ndiye aliyemfundisha kuogelea, aliyemshika tumbo kwenye maji ya mto huu huu akimwambia sikuachii, na kweli hakumwachia. Dativa aliona afadhali kiboko. Kiboko hakumwita mdogo wangu. Alitaka kumpiga, akatazama lile paja lililovimba, akashindwa hata hilo, na kushindwa huko kukamuumiza zaidi.

Alisimama. Alinyoosha simu juu kadiri mkono ulivyofika. Mstari mmoja wa mtandao ulitokea, ukapotea. Aliruka, ukatokea tena, ukapotea. Kumbe juu upo, wao ndio walikuwa chini mno.

"Pondo liko wapi?" aliuliza. Pondo ni ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, mrefu kupita paa la nyumba.

Remigius alionyesha kwa kidevu. Lilikuwa limenasa kwenye matete, ng'ambo ya mkondo ule ule walipopinduliwa. "Usithubutu. Yule kiboko ana mtoto, ndiyo maana alitupiga. Bado yuko hapo."

"Sasa wewe ndiyo wa kuniambia nini nithubutu?"

Aliingia majini taratibu, bila kurusha hata tone. Maji yalimfika kifuani, shingoni, kisha miguu ikakosa chini. Aliogelea kiubavu, macho kwenye mkondo. Katikati aliona masikio mawili yakichomoza mbali kidogo, yakitikisika kufukuza nzi. Aliacha kupiga miguu. Alielea tu, mkondo ukimsukuma pembeni, akimwomba Mungu kwa Kindamba cha bibi yake. Masikio yalizama, na hakujua yanaelekea wapi. Hapo ndipo alipoogelea kama mwendawazimu.

Matete yalimkata mikono na uso. Alilishika pondo, akalivuta, halikuja. Akalitikisa huku na huku, akilitukana, mpaka likachomoka. Alirudi akilitanguliza mbele, akiliegemea alipochoka. Nyuma yake maji yalifumka na pumzi nzito ikasikika. Hakutazama. Remigius alikuwa amejiburuta hadi ukingoni, mkono umenyooka kumpokea. Dativa alishika udongo upande mwingine, akapanda peke yake.

Alikausha vidole kwenye nywele, akafungua simu. Ilimwambia chaji inakwisha, ikamtaka akubali Kiokoa Betri. Akakataa. Aliirudisha Nipo kwenye "Bila vikwazo". Simu ikamwonya tena kwamba programu hiyo itamaliza betri.

"Dati, ngoja," Remigius alisema. "Ikizima hatuna tochi. Usiku wa leo hatutamwona hata nyoka. Ibane, tuiwashe kidogo kidogo."

"Huko juu ya mti nani ataiwasha? Lazima ifanye kazi yenyewe, kioo kimezimwa, hakuna mtu wa kuigusa. Ikibaki na chaji bila kusema tuko wapi, hiyo chaji tutaila?"

Alikubali onyo. Alifunga mfuko kwa mpira, safari hii kwa mikono yake, akaufunga kwenye ncha ya pondo. Alilisimamisha juu ya kilele cha kichuguu, akalichimbia kwa kijiti na kucha, lakini udongo ulikuwa mgumu na upepo ulilipindua. Basi akalikumbatia. Alisimama amelishika kifuani, simu ikiyumba huko juu isikoonekana vizuri.

Mvua ilikuja, ikampiga, ikaondoka. Siafu walimpanda miguuni. Mara nyingi alitamani kulishusha atazame kama imetuma, na kila mara alijikatalia, kwa sababu dakika ya kulishusha ingeweza kuwa ndiyo dakika ya mtandao. Mabega yalikufa ganzi. Remigius aliweweseka, akaita maji; Dativa alimwambia ajivute afike ukingoni anywe, kwani yeye haachii. Remigius alijivuta. Jua lilirudi, likaelekea magharibi, na hakuna kilichotokea. Alianza kuamini kwamba simu ilishazima zamani na yeye ameshika mti mtupu. Alilia kwa sauti, bila aibu, lakini hakuachia.

Kisha injini ikasikika.

Mwanzoni alidhani ni masikio yake. Ikaja tena, ikikohoa upande wa milima. Akalitikisa pondo kwa nguvu zilizobaki, akapiga kelele hadi sauti ikakatika. Mtumbwi wa injini wa Mashimba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Mofu na ng'ombe wake, ulipasua matete, na Sikitu alikuwa amesimama mbele akipunga kitenge.

"Poleni! Poleni sana jamani!" Mashimba aliita. "Dada, shika kamba hii!"

Walimbeba Remigius wakamlaza ndani ya mtumbwi. Dativa ilibidi wambandue vidole kwenye pondo. Simu ilikuwa imezima kabisa.

"Ujumbe mmoja tu," Sikitu alisema, akimfunika kwa kitenge. "Umeingia mmoja, kisha kimya. Ndio huo tuliofuata."

Njiani, injini ikiunguruma, Remigius alimvuta dada yake mkono. "Mdogo wangu, sisi ni damu moja. Waambie iliharibika. Simu huharibika, kila mtu anajua." Dativa aliuchomoa mkono wake.

Bandarini Mofu watu walikuwa wamejaa, na gari la kumpeleka mgonjwa hospitali Ifakara limewashwa tayari. Sikitu alishuka wa kwanza. Badala ya kufurahi, alipiga magoti kwenye tope mbele ya watu wote.

"Dativa, nisamehe. Niliikagua simu yako kwa macho yangu nikakwambia nenda. Sijui nilitazama nini. Nusura niwaue. Kazi hii kesho nairudisha kwa kikundi, siiwezi tena."

Remigius, akiwa mikononi mwa Mashimba, alimtazama dada yake. Kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi upinduke alimtazama machoni kabisa, akimsihi.

"Inuka, dada Sikitu," Dativa alisema. Sauti ilikuwa imekauka lakini kila mtu aliisikia. "Uliona sawasawa. Ilikuwa wazi. Aliyeibana ni kaka yangu, aliponifungia mfuko, ili msijue kwamba anapita kwenye nyavu zake ndani ya pori la akiba. Na aliniacha ningoje."

Mashimba alimshusha Remigius kwenye kiti cha gari. Dativa alipanda akakaa kando yake, akafungua bendeji iliyolowa, akaanza kukaza nyingine.

"Dati," Remigius alinong'ona, "sasa nitaishi vipi hapa?"

"Sijui. Nyoosha mguu."

Alinyoosha. Gari liliondoka, naye akafunga fundo, akageuza uso dirishani na kutazama mpunga uliozama hadi Ifakara.