Nywele za Uchochoroni

Kila jioni, mteja wa mwisho akishainuka kitini, Kidoti alishika ufagio. Baba yake alikuwa kinyozi, na kazi ya binti ilikuwa kuzoa nywele zilizoanguka sakafuni, kuzitia ndooni na kuzipeleka kwenye shimo la taka nyuma ya soko.

Mvua zilipoanza, njia ya sokoni ikawa matope matupu. Kidoti akaona ajirahisishie. Nyuma ya kibanda chao cha kunyolea palikuwa na uchochoro mwembamba usiopata jua, akawa anamwaga nywele humo, anazubaa kidogo, kisha anarudi na ndoo tupu. Baba akimwuliza kama ametupa, anaitikia. Alijiambia kwamba huo si uongo. Kutupa alikuwa ametupa.

Mchana mmoja mdogo wake, kitindamimba wa nyumba ile, aliitwa asiitike. Kidoti alimkuta uchochoroni, amelala chali, kichwa amekiegemeza juu ya rundo la nywele.

"Pana laini, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Kama kichwa cha mtu."

Kidoti alimvuta mkono, na hapo ndipo alipoziona. Nywele alizomwaga nyeusi zilikuwa zimeota mvi. Utandu mweupe kama unga ulizifunika, na vijinyuzi vyembamba vilichomoza kutoka kwenye udongo mnyevu, vimesimama wima ingawa upepo haukufika mle. Zile za chini zilikuwa zimelika, zikikatika kwa kuguswa tu. Kitu fulani kilikuwa kinakula pale, kimyakimya. Akamwonya mdogo wake asirudi tena mahali pale, naye mwenyewe hakumwambia mtu.

Baada ya muda kichwa cha mtoto kikaanza kuwasha. Yakatokea mabaka ya mviringo yenye magamba, na nywele zikakatika kama zile za uchochoroni. Mapunye. Maneno yakaenea upesi mtaani: mashine ya kinyozi ni chafu, na kama mwanawe mwenyewe ameambukizwa, wateja je? Kiti kikabaki kitupu. Baba alifungua mashine, akaisugua kwa spiriti, akaifunga, akaifungua tena, akitafuta kosa ambalo hakulijua. Kidoti alimtazama akiinamia vyuma vile.

"Baba," alisema hatimaye, "si mashine. Ni mimi."

Alimweleza yote na kumpeleka uchochoroni. Baba alichungulia. Hakumchapa. Alichota udongo kidogo kwenye kopo, akamchukua mtoto, na wote watatu wakaenda zahanati.

Muuguzi alikwangua magamba kichwani, akayatazama kwa hadubini, kisha akatazama na udongo. Aliwaeleza kuwa mara nyingi mapunye hutoka kwa mtu au mnyama, ila safari hii kuvu ya kichwani ilifanana na ya kwenye kopo. Kidoti akauliza kwa woga kama ni uchawi.

"Hapana, mwanangu. Kuvu hizi zimo udongoni na kwenye vumbi tunalokanyaga, sokoni, uwanjani, kila mahali. Chakula chao ni nywele, kucha na manyoya. Bila kuvu hizo, dunia ingejaa nywele za waliokufa zamani. Wewe uliziandalia karamu, na mdogo wako akaenda kulaza kichwa mezani."

Mtoto alipewa vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, na nywele zikaota upya. Kidoti na baba yake walivaa glavu, wakafunga vitambaa puani, wakazoa rundo lote hadi shimoni, kisha wakasakafia uchochoro kwa saruji. Baba alimwambia kila aliyemwuliza kilichotokea, bila kumtaja binti yake. Kidoti mwenyewe ndiye aliyejitaja, na wateja wakarejea mmoja mmoja.

"Nisingekasirika kwa sababu ya matope," baba alimwambia walipokuwa wakinawa mikono kwa sabuni. "Ungeniambia njia ni mbaya, tungekwenda wote. Ulificha jambo dogo gizani, likapata nafasi ya kukua. Jambo likikushinda tena, niambie lingali dogo."

"Nitakuambia, baba," alijibu Kidoti, akaendelea kusugua kucha zake.