Yaya Aliomba Jina Yangu, Leta Ikachukua Mashini

Niko mwanamuke wa miaka makumi ine na tatu, mushonaji hapa Kamina. Bwana yangu alikuwa mufanyakazi wa reli. Alikufa, akaniachia batoto batatu. Atelie yangu ya kushonea karibu na gare ya treni njo ilikuwa inatulisha. Ninaandika haya bila machozi... machozi ilikwisha.

Mambo ilianzia kwa yaya yangu, mutoto mwanaume wa kwanza wa mama yetu. Yeye iko muntu wa biro ya Leta, ni kusema serikali, na sheria inamukataza kuchukua kazi za Leta kwa jina yake. Siku moja akakuja na soda, akakaa kwenye kiti ya bateja.

"Mudogo yangu, minyi siwezi kutia jina. Weye iko na atelie ya kuandikishwa, iko na namba ya kodi. Unipe jina tu. Kazi nitafanya minyi!"

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza bomba za mayi za kartie yetu, mutaa muzima, na kuzichunga. Ningekataa namna gani? Baba alipokufa, yaya njo alinilipia masomo! Nikasaini.

Na mayi ikatoka kweli! Bamama bakaacha kwenda mutoni. Bakaniita Mama Mayi, bakanipisha mbele kwenye robine ya bomba. Sitawaficha, nilijivuna. Nilijibu lile jina na meno yote inje.

Makuta ya kontra, feza ya ile kazi, ikaingia benki kwa jina yangu, yaya akaiondoa yote. Nikamuuliza habari ya kodi. Akacheka! Akasema kazi ya mayi ya mbele, ile iliyotangulia yetu, haikulipa kodi hata kidogo. Tena, Leta itajilipisha yenyewe? Nikaona yaya iko na akili.

Kumbe ile ya mbele ilitoka kwa bafadhili ba inje, ilikuwa na karatasi ya kusamehewa kodi. Yetu ililipwa na Leta yenyewe, na kodi ilikuwa imetiwa tayari ndani ya bei. Ile sehemu haikuwa yetu! Tulipewa ili tuirudishe kwa biro ya kodi, basi.

Bantu ba kodi njo balinielezea hivyo balipokuja kunidai ile deni kwa jina yangu, polepole, kwa heshima. Nikakimbia kwa mama, nikamukuta yaya pale. Nikaanguka magoti, nikamuomba alipe. Yaya alisema nini?

"Jina iko ya nani pale? Haiko ya huyu?"

Mama akaniambia nivumilie, mukubwa haaibishwi. Aah, mama!

Ningemushitaki? Angefukuzwa kazi, batoto bake bangekula wapi? Na minyi pia nilijua kama haikuwa kazi yangu, nikasaini. Nikanyamaza. Faini ikapanda juu ya kodi. Bantu ba kodi bakatia kufuli kwenye mulango ya atelie. Kisha bakauzisha mashini zangu za kushonea inje, mbele ya bateja bangu.

Nilisimama ngambo ya barabara, mikono ndani ya kitenge. Sikulia. Hata hasira sikusikia... nilisikia njaa tu.

Nani alinunua mashini yangu kubwa? Yaya! Akavuka barabara, akanishika bega.

"Nimekusaidia, mudogo. Haikutoka inje ya jamaa."

Bamama bangali bananiita Mama Mayi. Ninaitika.

Bandugu banaosoma, nisikilizeni. Ndugu akiomba sahani, mupe. Akiomba kitanda, mupe, weye ulale chini. Jina, hapana! Na kazi ya Leta, hata ya kuletea bantu mayi, iko na kodi yake. Ulizeni kwa biro ya kodi mbele ya kusaini. Musiulize ndugu anayewapenda.

Mashini iko sasa ndani ya nyumba ya yaya, kwenye salo. Nikipata kazi ninaenda kushonea kule, na bibi yake ananilipisha kwa kila nguo. Kesho niko na kanzu ya ubatizo ya kumaliza. Nitapiga hodi, nitalipa, na nitasema asante.