Mara Saba Aliufungua Mlango

Mursik, maziwa aliyoyagandisha kibuyuni, ilianza kunuka godoro lililoungua. Jemutai alikisugua kibuyu kwa makaa ya mti wa senetwet kama mamake alivyomfunza, akakisugua tena, lakini kila alipoondoa kifuniko ilitoka harufu ile ile ya Januari 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, siku jirani yake wa hapa Kapseret, Mama Kiarie, alipogonga mlango wa jikoni akiomba afichwe, naye Jemutai akashikilia komeo kwa mikono miwili mpaka kugonga kukakoma.

Jini alikuwa amesimama kando ya jiko, saa tisa mchana, bila kivuli.

"Nitakurudisha siku ile," alinong'ona. "Si yako. Yako ilishaisha. Kuna nyingine kando yake, na huko jirani yako bado yuko hai. Nenda ufungue."

Akaenda. Akafungua. Mama Kiarie akaingia. "Asante, Mama Jerop," akamwita Jemutai kwa jina la bintiye. Utamu wa asante hiyo ulimrudisha mara saba, kila mara kwenye nakala nyingine ya siku ile, na kila aliporudi kwake, shamba la Mama Kiarie lilikuwa bado kichaka.

Mara ya saba, Mama Kiarie akiwa ameshajificha chini ya kitanda, mlango uligongwa upya. Jemutai akachungulia kwenye ufa, na huko nje, moshi ukizidi kusogea na sauti za wanaume zikipanda kutoka barabarani, akajiona mwenyewe, mwembamba kama alivyokuwa miaka ile, akigonga kwa viganja na kulia kwamba afunguliwe, hii ni nyumba yake.

"Kila ulipoingia, mwenyewe wa siku hiyo alitoka nje," jini akasema. "Hukuniuliza."

Jemutai akashikilia komeo kwa mikono miwili.

Jumamosi, Kiarie alifika kutoka Burnt Forest, kama kila Januari. Mwili wa mamake haukuwahi kupatikana. Alikunywa chai, akauliza swali lake la miaka kumi na mmoja.

"Mama Jerop, siku ile mathe alifika hapa?"

Jibu la Jemutai lilikuwa daima "sikumwona." Jikoni, mlango ukaanza kugongwa. Kiarie hakusikia.

"Alifika," Jemutai akasema.

Kikombe kikatua mezani polepole. "Ukamfungulia?"

"Mara saba," ulimi ulitaka kusema.

"Hapana."

"Alikuwa anasema nini?"

"Jina langu."

Kiarie akainuka, akatoka bila kuaga, koti lake likabaki kwenye kiti.

Jemutai akaenda jikoni, akavuta komeo. Hapakuwa na mtu. Kwenye saruji kulikuwa na jozi saba za nyayo za majivu, kila kisigino na ufa kama wa kisigino chake, zote zimeelekea ndani. Hata moja haikuwa imegeuka kuondoka.