Nywele za Valary

Bisha. Bisha kabisa, halafu ushuke mtaani Silanga umwulize Jael ni ndege gani aliyeingia kwenye kishamba chake cha sukuma wiki. Shule niliacha darasa la saba, sawa, lakini macho sikuyaacha huko.

Ilikuwa Jumamosi, jua kali. Jael alimnyoa bintiye Valary, miaka mitatu. Kwao nywele za mtoto huzikwa, hazitupwi ovyo. Lakini wateja wa mboga walikuwa wanamngoja, akazikung'uta tu juu ya sukuma.

"Si ni mbolea," akacheka.

Ndipo akamwona ndege. Sisi wa karibu na dam, lile bwawa la Silanga, tunawajua kunguru, tunawajua korongo. Huyu hakuwa wa huko. Rangi ya kahawia, kichwa kama nyundo, anatembea kati ya mistari kama mwenye shamba. Akaokota unywele. Akaokota mwingine. Hakuacha hata mmoja. Akaruka nazo hadi kiota chake, kikubwa kama karai, kwenye mti kando ya maji.

Jumapili Valary hakuitika jina. Jumatatu hakula. Alikaa mlangoni tu, uso umeelekea mtini.

"Nywele zake ziko wapi?" jirani, Mama Phanice, akanong'ona.

Jael akanyoosha kidole kwenye kile kiota.

"Zirudishe kabla mayai hayajaanguliwa. Ukichelewa, mtoto atalelewa huko."

Nani apande? Wanaume wote wa plot, nyumba zetu za kupanga, wakakumbuka wana kazi. Akabaki kijana mmoja, sura safi, roho ya simba. Unamwangalia sasa hivi.

"Marvin, ndugu yangu. Mtoto niliye naye ni huyu tu," Jael akamwambia.

Kijana akapanda. Chini alisimama Jael, Valary mgongoni. Akafika. Akaingiza mkono. Akashuka na nywele ngumini, Jael akazizika papo hapo akilia. Jioni Valary akachangamka, akamwita mamake, "Mathe!", akameza omena, vile visamaki, nzima nzima bila kutafuna. Tukacheka.

Huwa naishia hapo, watu wananinunulia chai.

Lakini mkono sikuingiza. Nywele zile nilizing'oa kichwani mwangu. Ndio maana sivui kofia, hazijaota tena.

Kiotani kulikuwa na mtu. Sauti ndogo.

"Uncle Marvin, nitoe."

Nikaangalia chini. Valary alikuwa mgongoni kwa mamake. Mdomo umefungwa.

Nikashuka.

Siku hizi anacheza vizuri, ananisalimia kila asubuhi. Ila haniiti Uncle Marvin. Anayeniita hivyo bado yuko juu.