Vidole Vitano kwenye Mkate

Katika mtaa wa Kabiria maji hununuliwa kwa mtungi, na hakuna anayeyamwaga ovyo. Kwa kina Shiru walinawa katika beseni moja. Baba alianza, wakafuata wageni, halafu watoto. Mama yao, Ngina, alinawa mwisho kwa adabu. Kisha alimlisha kitinda mimba wake, Kihara, kwa vidole vyake.

Kihara aliharisha, akapona, akaharisha tena. Macho yalizidi kuzama. Ngina alikuwa na jibu lake. Jirani yao Annah alimbeba mtoto akamsifu mashavu, wala hakumtemea kifuani mate ya baraka yanayozuia jicho baya.

"Ni jicho la Annah," alisema. "Asikanyage hapa tena!"

Jioni moja Shiru alileta vipande vitatu vya mkate, kila kimoja katika kikopo chake cha plastiki angavu.

"Mami, ukishanawa kwa beseni, gusa hii na mkono mzima. Halafu unawe na sabuni nikikumwagia maji, uguse hii ingine. Ya tatu hakuna mtu anagusa."

"Ya nini hiyo yote?"

"Madam wa sayansi amesema tubadilishe kitu moja tu. Mkate ni ile ile, mkono ni ile ile. Kunawa ndiyo inabadilika."

Vikopo vilifungwa, vikakaa gizani katika kabati la darasa. Siku zikapita. Ngina alipoitwa shuleni, alidhani binti yake amevunja dirisha.

Madam Manpreet, mwalimu wa sayansi, alifungua kabati polepole. Mkate usioguswa ulikuwa mweupe. Wa sabuni pia. Lakini kwenye mkate wa beseni, mkono ulikuwa umeota. Vidole vya kijani vyenye manyoya ya kuvu vilinyooka kana kwamba mtu aliye ndani anataka kutoka. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Ngina aliweka mkono wake juu ya kifuniko. Kidole chake kilichopinda kililala sawasawa juu ya kile.

"Hiyo ni mkono yangu," alinong'ona. "Na ndiyo namlisha nayo mtoto?"

"Mama Shiru, mkate hauwezi kutuambia mtoto anaugua nini. Mpeleke kliniki leo. Lakini wote walionawa kabla yako walikuachia uchafu wao."

"Sisi tuko na sabuni ya kipande tu."

"Neel wa darasa la Shiru alileta ya chupa. Angalia mkate wake na wenu." Yote miwili ilikuwa myeupe. "Muhimu ni sabuni, na maji yanayotiririka."

Kliniki walimpa Kihara dawa, wakarudia maneno yale yale. Baba alitoboa chupa ya maji ya kunawia akaitundika mlangoni. Maji yalitiririka kidogo kidogo, na mtungi ukadumu kuliko zamani. Mashavu ya Kihara yakarudi.

Ndipo Ngina alipombeba hadi kwa Annah, aibu imemjaa. Annah alifungua mlango, akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni.

"Sitamgusa," alisema.

"Nisamehe, Annah. Mimi nimenawa yangu," Ngina alisema. "Nawa yako, umbebe."